Bandama za Panya Weupe

Tangu kile kilima kitokee kwenye mchoro wa kompyuta yake, Hasina hakukalika. Aliketi, akainuka, akaenda dirishani kuyatazama mashamba ya biksa, mmea wa mbegu nyekundu, yaliyopakana na kituo, akarudi akaketi kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kuposa. Wenzake wote pale kituoni, nje kidogo ya mji wa Msambweni, walidhani ni furaha. Na kwa nini isiwe furaha? Kilima kile ndicho walichokuwa wakikitafuta tangu kazi ianze.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza, ingawa ilikuwa ngumu kuitenda. Palikuwa na koo mbili za panya wa maabara. Ukoo mmoja ulikuwa mweupe pe, macho mekundu, na bandama zao zilikuwa ndogo. Ukoo wa pili ulikuwa wa kahawia, na bandama zao zilikuwa kubwa. Koo hizo zikaozeshwa. Watoto wote wakatoka kahawia. Watoto nao wakazaa wajukuu, na kwa wajukuu ndipo mambo yalipochanganyika: huyu kachukua hiki kwa bibi, yule kachukua kile kwa babu, mweupe mmoja katika kila wanne hivi, na bandama za kila kipimo. Kila mjukuu alipasuliwa, bandama yake ikapimwa kwenye mizani, na kipande cha mkia wake kikasomwa jeni. Kisha kompyuta ikaulizwa swali lile lile kwa kila mahali katika kila kromosomu: je, waliorithi mahali hapa kutoka ukoo mweupe wana bandama tofauti na waliorithi kutoka ukoo wa kahawia? Pasipokuwa na tofauti, mstari ulilala. Penye tofauti, uliinuka. Na kwenye kromosomu ya kwanza uliinuka ukasimama wima kama kichuguu katikati ya uwanja.

Hasina alikuwa na sababu zake za kukitaka kichuguu hicho. Alizaliwa Bodo, na utotoni nduguye Feisal alikuwa akiugua malaria mara kwa mara mpaka ubavu wa kushoto ukamvimba. Mama yao alikuwa akimlaza mkekani, akambonyeza chini ya mbavu, akasema kwa sauti ya chini kwamba bandama imeshuka. Hasina aliumwa na mbu wale wale, akatetemeka homa ile ile, na bandama yake haikushuka. Alipouliza kwa nini, aliambiwa ni mambo ya Mwenyezi Mungu, na yeye hakubisha. Alitaka tu kujua Mwenyezi Mungu alipitia wapi. Swali hilo lilimvusha shule moja hadi nyingine mpaka likamrudisha Msambweni, kwenye panya.

Na sasa palikuwa na mkutano wa Diani. Wafadhili wa utafiti walikuwa wanakuja kusikiliza vituo viwili, na nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu ng'ambo ilikuwa moja. Hasina alikwisha kuikosa nafasi kama hiyo mara moja. Daktari Jaafar, mkuu wa kazi ile, mtu wa Mombasa mwenye kicheko cha karibu, alimwambia asiwe na wasiwasi. Kituo cha pili kilikuwa kinapima maini, na maini yao hayakuwa yametoa chochote cha kusimama nacho mbele ya watu. Mwenye kilima ndiye mwenye nafasi.

Jambo lililomnyima Hasina utulivu lilikuwa dogo. Jeni inayompa panya rangi nayo inakaa kwenye kromosomu ya kwanza, na kilele cha kilima kilikuwa juu yake hasa. Alipomwonyesha Daktari Jaafar, daktari alicheka akasema hao ni majirani, jeni ya rangi na jeni ya bandama wamepanga nyumba moja, wala ujirani si dhambi. Hasina akakubali, akarudi mezani, akashindwa kuketi.

Kwa sababu palikuwa na jambo la pili. Panya aliyerithi weupe kwa mzazi mmoja tu hutoka kahawia kabisa. Ukimtazama huwezi kujua kama ana weupe ndani yake. Rangi ndivyo ilivyo. Lakini kiungo hakina kawaida hiyo. Mara nyingi mwenye nusu ya urithi hukaa katikati: si mkubwa kama hawa, si mdogo kama wale. Hapa hapakuwa na katikati. Wenye nusu ya urithi walikuwa na bandama kubwa sawasawa na wasiokuwa na weupe wowote. Bandama ilikuwa imegawanyika vile vile manyoya yalivyogawanyika, kana kwamba yenyewe ilitoka nje, ikamtazama mwenye nayo ana rangi gani, ndipo ikaamua kuwa ndogo au kubwa.

Na bandama haina macho. Mwenye macho ni mtu.

Wazo hilo lilimjia asubuhi, siku moja kabla ya mkutano, chai ikiwa mkononi. Aliiacha chai palepale akaenda chumba cha kupasulia.

Chumba hicho kilikuwa mwisho wa ushoroba, na walikuwa wakifanya kazi humo watu wawili. Mzee Shutu alitoka upande wa Kinango. Alikuwa mfugaji mpaka ukame ulipommalizia ng'ombe, naye alijua kumfungua mnyama kwa kisu kama mtu anavyofungua kifungo cha shati. Bi Twaiba alitoka Shimoni na alikulia kwenye kupaa samaki pale wanapopakuliwa. Hasina mwenyewe ndiye aliyewawekea kanuni: panya akishalazwa kwa gesi na kufa, wachukue zamu kwa zamu, yule atakayeguswa na mkono kwanza, bila kuchagua. Hakuna aliyeandika nani kampasua nani, kwa maana kama hakuna anayechagua, ya nini kuandika?

Safu ya mwisho ya wajukuu ilikuwa ingali haijapimwa, na hesabu yao haikuwa imeingia kwenye kilima. Ndiyo kwanza kazi ya kuwapasua hao ilikuwa inaanza.

"Shikamoo, mzee. Bi Twaiba, sabalkheri."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Shutu. "Leo umekuja kutupima sisi?"

"Akupime nini wewe," Bi Twaiba alidakia, "bandama yako imejaa maziwa ya mbuzi, itavunja mizani."

Hasina alicheka akavuta kigoda. Aliwaambia amekuja kutazama tu, roho yake imemtuma. Wakamwacha atazame. Walikuwa watu wa utani wa siku zote, na mikono yao haikusimama kwa ajili ya midomo. Mzee Shutu alichukua panya wa kahawia, akampasua, akatoa bandama, akaigusisha karatasi mara moja, akaitupia mizani ingali inang'aa damu. Bi Twaiba alichukua wake, naye kahawia. Alimpasua taratibu, akamwinamisha ukingoni mwa sinia damu ichuruzike, akaitoa bandama, akaikunja ndani ya kitambaa kibichi, akaiminya, akaigeuza, akaiminya tena mpaka ikapauka. Wakati huo Mzee Shutu alikwisha kummaliza wa pili.

"Mtazame," mzee alimwambia Hasina. "Watu wa Shimoni hata maji huyaosha kabla ya kuyanywa."

"Na nyinyi wa Kinango mkiyaona maji mnayaamkia shikamoo."

Kisha ikafika zamu ya mzee, na mkono wake ukagusa panya mweupe. Alimwinua kwa vidole viwili akamweka mbele ya Bi Twaiba, akamvuta kwake panya wa kahawia aliyekuwa wa zamu ya mama huyo. Bi Twaiba alimpokea mweupe kama mtu anavyopokea kikombe. Hawakutazamana wala hawakumtazama Hasina. Hawakuwa na la kuficha, na pengine hawakujua tena kwamba wanafanya hivyo.

Alipotokea mweupe mwingine, ikawa hivyo hivyo.

Weupe wote walipitia kwenye kitambaa. Kahawia karibu wote walipitia mikono ya haraka ya Mzee Shutu. Bandama ni mfuko wa damu. Ukiiminya hupungua, usipoiminya huwa nzito. Kompyuta iliulizwa ni nini kinachowatenganisha panya wenye bandama nyepesi na wenye nzito, nayo ikajibu kweli tupu: rangi.

Hakuwa mtu wa kukemea, na hata angetaka hakujua amkemee nani. Alingoja mpaka mzee akapangusa kisu.

"Mzee wangu, naona weupe huwagusi."

Mzee Shutu alikilaza kisu mezani. Bi Twaiba akainamia sinia yake.

"Mwanangu," mzee alisema, "mke wangu Mbeyu aliugua mwaka jana. Tulimpeleka kwa mganga, pepo akataka kuku mweupe na ngoma. Tukaahidi. Kuku ninaye, ngoma bado, watu wa kuipiga hawajakutana. Mpaka siku hiyo damu ya cheupe haimwagiki mkononi mwangu. Si kuku, si mbuzi. Nikasema panya naye ana damu. Nikamwomba huyu dada yangu, naye hakunikatalia."

"Ningemkataliaje?" Bi Twaiba alisema. "Kwangu panya ni panya. Lakini mtu na ahadi yake."

"Na kitambaa, bi mkubwa?"

"Si uliniambia nikaushe? Mimi nikikausha, nakausha. Tena damu ya kutiririka ni najisi, na nikitoka hapa nasali." Aliinua macho. "Nimeharibu?"

Hasina alisema la, hakuharibu. Alisema hivyo kwa sababu hakujua jibu lingine, na kwa sababu karatasi ya maelekezo aliyowapa ilisema bandama ikaushwe, haikusema ikaushwe vipi. Aliwaomba jambo moja. Wale wote waliobaki, weupe kwa kahawia, awapasue Bi Twaiba peke yake, kwa namna yake ile ile, na Mzee Shutu ashike mizani.

Kazi ilikwenda mpaka alasiri. Hasina alitoka na kuingia, akatoka tena. Alizunguka ua wa kituo kwenye jua mpaka askari wa lango akamuuliza kama amepoteza kitu. Aliporudi mara ya mwisho uzito wote ulikuwa umepatikana. Aliwatenga weupe upande mmoja na kahawia upande mwingine, akatafuta wastani wa kila upande. Bandama za wale na za hawa zilikuwa sawa. Mkono ulipokuwa mmoja, rangi haikuwa na habari na bandama.

Alibaki na mzigo wake. Hakuna mwingine aliyeujua. Watu wale wawili waliona wametengua kanuni ya zamu. Hawakujua kwamba ndani ya utenguzi huo mlikuwa na kilima kizima. Kesho yake angesimama Diani, akionyeshe, apigiwe makofi, apewe nafasi. Baadaye, kwa panya wengine, kilima kingekosekana, na hilo hutokea. Watu wangesema labda ni chakula, labda ni joto la Pwani. Yeye angekuwa amekwisha kwenda zake. Alijaribu kulivaa wazo hilo kama mtu anavyojaribu kiatu dukani, akatembea nalo kutoka mlangoni hadi dirishani. Lilimtosha vizuri kuliko alivyotaka.

Ndipo akaenda kwa Daktari Jaafar kabla halijamzoea.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kicheko chake cha karibu kilikuwa kimekwenda mbali. Alitaka kuona uzito wa wale waliopasuliwa na Bi Twaiba, akautazama, akautazama tena. Kisha akasema kwa upole kwamba panya hao ni wachache, na panya wachache hawawezi kuwaangusha mamia. Hilo ni kweli, na Hasina alijua ni kweli, na ndiyo maana lilimuuma. Daktari akaendelea. Waende Diani na kilima. Waseme kinahitaji kuthibitishwa, kwani kila kitu duniani kinahitaji kuthibitishwa. Hakuna uwongo katika maneno hayo.

"Hakuna uwongo, daktari," Hasina alisema. "Lakini mimi nimekwisha kuuona mkono. Nikisimama pale nikasema jeni, nitakuwa namwona Bi Twaiba anaminya."

"Basi hao wawili waondoke kwenye kazi hii."

"Kanuni ni yangu. Niliwaambia wasichague, sikuwauliza kama kuna wasichoweza. Mimi ni mtoto wa hapahapa, nilipaswa kujua kwamba mtu wa huku akipewa mnyama hutazama rangi yake kwanza. Nilidhani ndani ya maabara watu huacha ahadi zao mlangoni pamoja na viatu."

Daktari Jaafar alijipangusa uso kwa leso. Alisema yeye aliwaahidi wafadhili kilima, na hatasimama mbele yao kusema kimekuwa kitambaa. Kama Hasina anataka kusema, na aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, na ajue anachokitupa.

Hasina alisema anajua. Hakujua vizuri, alijua robo yake.

Hoteli ya Diani ilikuwa na ukumbi wenye baridi kali, na tumbili walikuwa wakipita juu ya paa wakisikika kama watu wanaohamisha samani. Wa kituo cha maini walizungumza kwanza. Msemaji wao alikuwa Chirau, kijana mwenye sauti ya kutulia, na vilima vyake vilikuwa vidogo, vipana, vya kutiliwa shaka. Mwenyewe alikiri hivyo. Kisha Hasina akaitwa.

Alionyesha kilima. Watu wakanong'ona, na mama mmoja wa wafadhili, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akasogeza kiti mbele. Hasina akaiacha picha ile ukutani kwa muda. Alitaka kila mtu aione, na ukweli usemwe, yeye naye alitaka kuiona mara ya mwisho ikiwa yake. Kisha akaeleza mikono miwili. Hakutaja majina. Alieleza namna mmoja anavyokausha na mwingine anavyokausha, na namna weupe walivyofika kwa mmoja tu, na akaonyesha safu ya mwisho iliyopimwa na mkono mmoja. Kunong'ona kukakoma.

Mama mwenye miwani aliuliza kwa nini basi weupe walifika kwa mmoja tu. Hasina alijibu kwamba mwenzake alikuwa na ahadi ya nyumbani iliyomzuia, na kwamba yeye aliyepanga kazi hakuuliza. Mtu mmoja nyuma alicheka. Mama mwenye miwani hakucheka. Aliandika kitu, na Hasina hakuweza kuona uso wake kama umekubali au umekataa.

"Kwa hiyo," mama yule alisema, "nyinyi mmepata nini?"

"Bado, mama," Hasina alisema. "Koo mbili zinatofautiana bandama, hilo lilipimwa na wengine kabla yetu, nalo halijaondoka. Linatoka wapi, sijui. Jana nilidhani najua."

Aliketi. Miguu yake ilikuwa ikicheza chini ya meza, akaishika magoti kwa mikono yote miwili.

Wafadhili walipojifungia kushauriana, alitoka nje. Aliizunguka sehemu ya kuegesha magari, akasoma kila kibao. Mhudumu mmoja wa hoteli, mtu wa bara, alimsimamisha. "Madam, uko poa? Nikuletee maji?" Alishukuru akasema yuko salama. Maji yalipoletwa aliyanywa akiwa anatembea.

Daktari Jaafar alitoka jua likiwa limeanza kuteremka. Alikuja moja kwa moja, na Hasina alijua kabla hajafika, kwa namna alivyoweka mikono nyuma.

"Nafasi wamempa Chirau."

"Inshallah imfae," Hasina alisema.

"Wewe wamekupa wajukuu wapya. Kizazi kingine kizima, kupasuliwa upya, kazi ichunguzwe kila mwezi na mtu wao. Yule mama ndiye aliyeshikilia. Wengine walitaka tufungiwe." Alianza kupapasa mifuko akitafuta ufunguo wa gari. "Mimi pia niliona heri watufungie. Nimekuwa na aibu mchana kutwa, na sijui kama ni aibu ya kilima au ya jana."

Hilo halikuwa la Hasina kulihukumu. Alitaka kulia, akaona kilio kinamkawilia. Chirau atakwenda ng'ambo. Yeye atabaki Msambweni na mizani ile ile mwaka mwingine, labda miwili, na mwisho wake huenda mstari ukalala tu toka kromosomu ya kwanza hadi ya mwisho, na Feisal akimwuliza kwa simu kama amepata, atamwambia bado. Nafasi nyingine ingekuja lini, kama ingekuja, hakuna aliyesema.

"Wajukuu hao wazaliwe lini?" aliuliza.

"Wakitaka ripoti ya kwanza kabla ya mwaka kwisha, wazazi wakutanishwe wiki hii."

Hasina alikuwa ameshatoa simu. Majike wa kahawia waliokuwa tayari kukutanishwa walikuwa katika vizimba vya ukutani, na kama kawaida Bi Twaiba angewahamisha jioni hii hii ili kupisha usafi, na akishawahamisha ingekuwa vigumu kujua nani ni wa mama gani. Simu iliita muda mrefu.

"Bi Twaiba, shikamoo. Usiwaguse wale wa ukutani. Ndiyo, wote. Mzee Shutu yupo? Mwambie asiondoke, nakuja, nina maswali ya kuwauliza nyote wawili kabla hatujaanza."

Daktari Jaafar alikuwa bado anatafuta ufunguo wa gari mifukoni. Hasina alikwisha kufika mlango wa abiria, mkono kwenye kitasa, akikivuta na kukiachia, akikivuta na kukiachia.